Mashine kumi na tisa na boti isiyoingia majini: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki kinamhusu mtu nitakayemwita Bwana M, mkewe Bi. M, na mashine za boti za kupachika, yaani zile zinazofungwa nyuma ya boti, zilizotengenezwa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Wote wawili wameridhia kiandikwe. Majina, mahali na kazi zao vimeondolewa. Mambo ya ufundi yameachwa yalivyo, maana humo ndimo mlimo na funzo. Mimi niliitwa kushauri kuhusu koili moja (sehemu inayozalisha umeme wa cheche), nikaendelea kuwa karibu nao hadi mambo yalipotulia.

Wakusanyaji wa mashine za zamani na waundaji wa vyombo vidogo husemwa kuwa wana uraibu, na wengi wao hulipokea neno hilo kwa furaha kabisa. Nikiutazama uraibu wenyewe kwa karibu naona una namna yake ya kujizungusha: mashine hudai chombo, chombo nacho hudai mashine, na kila kimoja humpa mtu sababu halali ya kutafuta mwenzake. Bwana M alizunguka humo kwa miaka kadhaa, kisha akatoka bila kuiacha raha yake. Ndiyo maana kisa chake kinafaa kuchambuliwa.

Usuli

Mashine ya kupachika ina umri wa karne moja na ushei. Cameron Waterman wa Detroit alikuwa akiuza za kwake katika muongo wa kwanza wa karne ya 20. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei aliyekulia Marekani, alianza kuuza yake huko Milwaukee mwaka 1909: silinda moja iliyolala, nguvu ya farasi mmoja na nusu, na kishikio juu ya flaiwili, lile gurudumu zito la juu, cha kuizungusha kwa mkono. Miaka ya 1920 ikaleta mashine nyepesi za silinda mbili, ELTO na Johnson. Waingereza wakapata Seagull yao miaka ya 1930, na mwaka 1939 Carl Kiekhaefer akaanzisha kampuni iliyozaa Mercury.

Mashine za enzi hizo zinapendeka kwa sababu zinasomeka. Hakuna kompyuta wala kifuniko cha siri. Mwenye spana, bisibisi na kipimo cha nafasi ya platini (vipande vidogo vya chuma vinavyofunguka na kufunga ili cheche iruke) anaweza kuifungua yote mezani na kuona kila kitu kinafanya nini. Lakini watengenezaji wengi hawapo tena. Outboard Marine Corporation, iliyokuwa ikimiliki Johnson na Evinrude, ilifilisika Desemba 2000, na jina la Evinrude likaendelea kwa mwenye mali mwingine hadi uzalishaji uliposimamishwa mwaka 2020. Impela (feni ndogo ya mpira inayosukuma maji ya kupoza), platini na koili za mashine zilizouzwa kwa wingi bado hupatikana mpya. Mguu wa gia uliopasuka au kifuniko cha kabureta utakitoa kwenye mashine nyingine ya aina hiyo hiyo, hivyo mtu mwenye mashine moja hujikuta anahitaji ya pili kwa ajili ya vipuri. Akiifungua ile ya pili, mara nyingi hugundua kuwa ni nzima kuliko ya kwanza, na moyo hauruhusu kuichinja.

Bwana M hakuanza kwa kununua. Alirithi kwa mjomba wake mashine ya Johnson ya farasi 5.5, silinda mbili, ya katikati ya miaka ya 1950, iliyokuwa imelala sakafuni muda mrefu.

Mambo yalivyokwenda

Kazi ya kuiamsha ile ya kwanza aliifanya vizuri sana, na nataka ieleweke hivyo, kwa kuwa baadaye wengine walimsema kama mtu asiyejua anachofanya. Aliitoa flaiwili kwa puli, hakuigonga kwa nyundo. Chini yake alikuta koili mbili ambazo ganda lake lilikuwa limepasuka kwa uzee, jambo la kawaida kwa koili za wakati ule. Akaweka mpya, akasafisha platini na kuziweka kwenye nafasi ya inchi 0.020, yaani nusu milimita, halafu akapima cheche: iliruka milimita sita hewani, buluu na yenye mlio. Boya la kabureta lilikuwa la koki (gamba jepesi la mti), na vanishi yake imeliwa na petroli yenye ethanoli, likawa linazama. Akalikausha na kulipaka upya kwa kitu kisichoyeyuka. Mafuta ya gia yalitoka meupe kama maziwa, dalili ya maji kupenya, akabadilisha sili. Impela ilikuwa imekakamaa na mapezi yamelala upande mmoja.

Kisha akaifunga kwenye pipa la maji. Wanaojua wanajua kinachotokea hapo: unavuta kamba, hakuna kitu, unavuta tena, inakohoa mara moja na moshi mweupe unatoka, unavuta mara nyingine, inashika. Mashine iliyokuwa kimya tangu ulipokuwa mtoto inanguruma mbele yako kwa sababu ya mikono yako. Bi. M alitoka jikoni kusikiliza. Aliniambia kuwa hakuwahi kumwona mumewe na uso ule.

Sasa palihitajika boti. Bwana M akachagua njia ya kushona na kubandika, ile iliyopata umaarufu kupitia boti ndogo ya tanga ya Mirror iliyobuniwa Uingereza mwaka 1962. Mbao za plaiwudi ya baharini ya milimita 6 hukatwa kwa kiolezo, hutobolewa kingoni, hushonwa kwa waya wa shaba, kisha maungio hujazwa epoksi iliyochanganywa na unga wa mbao na kufunikwa kwa utepe wa faiba. Chombo husimama kwa haraka ya ajabu, kwani asubuhi una vipande bapa na jioni una umbo la boti. Kinachofuata ni wiki nyingi za kupiga msasa, na vyombo vingi hufia hapo.

Chombo chake kilikuwa na urefu wa mita 3.6. Lakini alitaka ukuta mrefu usioruhusu mawimbi kuingia, akaupandisha ubao wa tezi (ule wa nyuma, panapofungwa mashine) hadi sentimita 50. Mashine ya mjomba ilikuwa ya mguu mfupi, uliotengenezwa kwa ubao wa sentimita 38. Alipoipachika, bamba lililo juu ya rafadha (panga zinazosukuma maji) likawa sentimita zaidi ya kumi juu ya mkuku (uti wa chini wa boti). Majini rafadha ilinyonya hewa, mashine ikapiga kelele, boti haikusogea.

Tatizo lile lilitaka msumeno na saa chache za kazi. Yeye akatafuta mashine ya mguu mrefu. Aliyoipata ilikuwa ya farasi 18, nzito, na kwa boti ile ilikuwa ni kuikalisha tezi majini na kuielekeza omo mbinguni. Ikabidi iundwe boti ya pili, ya mita 4.3, ili istahili mashine. Ile ya farasi 18 ilikosa kifuniko, kwa hiyo akanunua nyingine ya vipuri. Aliyemuuzia alikuwa na Seagull mbili, akampunguzia akichukua zote. Mara watu wakajua kuwa yupo mtu anayepokea mashine mbovu, wakaanza kumletea bure.

Nilipofika kwake mara ya kwanza palikuwa na mashine kumi na tisa. Iliyowaka ilikuwa moja, ile ya mjomba. Boti ya kwanza iliegemea ukutani, ya pili ilikuwa imepinduliwa ikisubiri msasa, na ya tatu ilikuwa mbao zilizokatwa tu. Mashine saba zilikuwa wazi kwa wakati mmoja, na bolti zake zimechanganyika katika makopo. Hilo la makopo ndilo lililonitia wasiwasi kuliko wingi wenyewe. Bolti ya mguu wa gia na bolti ya kichwa cha silinda zinaweza kufanana kwa jicho na kutofautiana kwa urefu wa milimita chache, na ile ndefu ikiingizwa pasipo pake hupasua alumini.

Petroli ilipomwagika

Kilichobadilisha mambo ni tangi. Mashine nyingi za miaka ya 1950 hazina pampu ya petroli. Mpira mmoja hupeleka mgandamizo wa hewa kutoka kwenye mashine hadi tangini, na mgandamizo huo husukuma petroli irudi kwa mpira wa pili. Mashine ikizimwa tangi hubaki limejaa nguvu hadi mtu afungue kifuniko na kuitoa. Bwana M aliingiza tangi la namna hiyo stoo bila kulipumua. Stoo ilipata joto la mchana, mpira wa zamani ukapasuka, petroli ikaenea sakafuni. Ukuta wa pili ni jiko.

Bi. M ndiye aliyenusa. Alizima moto, akawatoa watoto nje, akafungua milango, ndipo akampigia mumewe. Hakuna aliyeumia. Usiku ule alimwambia maneno ambayo Bwana M alinirudia neno kwa neno: “Baba watoto, sikukatazi mashine zako. Nataka unionyeshe moja inayokwenda, na uniambie hizi nyingine zinangoja nini.”

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza aliufanya peke yake kwa hofu: hatanunua chochote kwa miezi sita. Ulidumu muda mfupi. Alinunua mashine nyingine na kuihifadhi kwa ndugu yake, na habari zilipomfikia mkewe zilimuuma kuliko petroli. Hapo ndipo aliponiita tena, safari hii wakiwa wote wawili, tukakaa mezani.

La kwanza tulilokubaliana ni petroli. Hakuna tangi lenye mafuta ndani ya nyumba, na kila kabureta ikaushwe kabla mashine haijaingia stoo. Mfumo wa mipira miwili kwenye mashine ya mjomba ukaondolewa na kuwekwa pampu ndogo ya kawaida. Bwana M alisita, kwa kuwa mkusanyaji huheshimu uasili. Tukapatana kuwa tangi la asili lisafishwe na kuwekwa rafuni pamoja na mipira yake, ili atakayetaka kuirudisha mashine ilivyokuwa aweze. Mashine itakayobeba watu majini inahukumiwa kwa usalama kwanza.

La pili ni kitambulisho. Kila mashine ilifungiwa kipande cha bati chenye namba, na daftari likaandikwa vitu vitatu: imetoka wapi, imepungukiwa nini, na itakaa kwenye chombo gani. Swali la tatu ndilo lililofanya kazi kubwa. Tulipita mashine moja moja, na kwa nyingi kalamu ilisimama pale.

Zisizo na chombo zikagawanywa. Nyingine zingefunguliwa moja kwa moja ziwe vipuri vilivyopangwa. Nyingine zingepewa watu wenye kazi nazo. Mbili tu zingebaki kwa kutazamwa, mojawapo ikiwa ya miaka ya 1920, yenye rangi yake ya asili na bamba la shaba lililoandikwa maelekezo ya kuiwasha.

La tatu: mashine moja tu iwe wazi mezani. Ya pili haiguswi kwa spana hadi ya kwanza iwake au iandikwe daftarini kuwa imeshindikana. Bolti za kila sehemu ziingie mfuko wake wenye jina.

La nne lilihusu ubao wa tezi, nalo lilibishaniwa zaidi. Bwana M alitaka kuiacha boti ya kwanza na kumalizia ya pili, ile kubwa. Tukapiga hesabu. Chombo kama ile boti ya kwanza, chenye urefu wa mita 3.4 kwenye mstari wa maji na kisichopanda juu ya maji, hufikia ukomo wake kwenye noti 4.5 hivi, yaani kilomita 8 kwa saa. Kuongeza farasi baada ya hapo huongeza wimbi na matumizi ya mafuta, mwendo haubadiliki sana. Kwa kazi hiyo farasi 5.5 zinatosha na kubaki, na mashine yenyewe ina uzito wa kilo 25 hivi, mzigo ambao tezi ile iliweza kuubeba. Kwa hiyo boti sahihi na mashine sahihi zilikuwa tayari ndani ya ile stoo tangu mwanzo, zikitenganishwa na sentimita 12 za plaiwudi. Ubao ukakatwa katikati hadi sentimita 38, na ndani yake kikajengwa kisima kidogo cha kuzuia wimbi la nyuma lisiingie.

Boti ya tatu, ile ya mbao zilizokatwa, alipewa kijana jirani aliyekuwa akimsaidia kupiga msasa.

Matokeo

Boti iliingia majini. Safari ya kwanza mashine ilizimika baada ya mwendo mfupi, kisha ikakubali kuwaka na kuzimika tena. Bwana M alitaka kufungua kabureta hapo hapo. Chanzo kilikuwa tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi jipya: lilikuwa limefungwa, tangi likashindwa kuvuta pumzi. Baada ya hapo ilikwenda. Bamba la juu ya rafadha lilikaa chini kidogo ya mkuku kama inavyotakiwa. Pini ya rafadha ilikatika walipogusa mwamba, ikabadilishwa palepale, maana ya akiba ilikuwa imefungwa kwa uzi kwenye kishikio. Kukatika ndiyo kazi yake: inakufa yenyewe ili gia zisife.

Idadi ya mashine ilishuka hadi nane, halafu ikapanda tena hadi kumi na moja. Kati ya hizo nne zinawaka. Boti ya pili bado imepinduliwa, na ina tarehe daftarini. Daftari lenyewe analishika Bi. M, kwa kupenda kwake, na ndiye anayeuliza lile swali la chombo kila mashine mpya inapofika mlangoni.

Uchambuzi

Katazo la miezi sita lilishindwa, na lingeshindwa kwa mtu yeyote. Lilimwondolea kutafuta bila kumpa kazi ya kufanya badala yake, na stoo ilikuwa imejaa kazi zilizoanzwa ambazo kila moja ilimkumbusha kipuri kinachokosekana. Baya zaidi, lilimfundisha kuficha. Mkusanyaji anayeficha hupoteza watu wa kumwambia ukweli kuhusu anachonunua.

Swali la chombo lilifaulu kwa kuwa liligusa shina la mzunguko. Linamwachia mtu kupenda mashine ila linamdai aseme pahali pake, na pahali hapo pana vipimo: urefu wa mguu, uzito, nguvu, aina ya mwendo. Mtu akishaanza kujibu kwa vipimo, tamaa inapungua kelele na ufundi unazungumza. Bwana M alikuwa fundi hodari siku zote. Hakuwa akiupeleka ufundi wake kwenye maamuzi ya kununua.

Kanuni ya mashine moja mezani naiona kuwa yenye thamani kuliko zote kwa upande wa kazi. Utamu wa shughuli hii uko kwenye mwanzo, unapofungua na kugundua. Anayefungua saba kwa pamoja amekula mianzo saba na kuziacha katikati saba, na katikati ndiko kuliko na msasa, bolti zilizoshika kutu na gasketi za kukata kwa mkono. Alipolazimika kupita katikati ili aufikie mwanzo mwingine, alianza kumaliza.

Kanuni ya “moja ikiingia, moja itoke”, ambayo Bwana M alijiwekea baada ya kugawa, ndiyo iliyoongeza idadi kutoka nane hadi kumi na moja, kwa sababu aliihesabu kwa zilizonunuliwa tu. Za bure zilipita. Mashine ya bure inadai rafu, koili, sili, impela na muda sawa na ile ya kulipiwa, na mara nyingi zaidi, kwa kuwa aliyeitoa alijua sababu ya kuitoa. Sasa zote zinahesabiwa.

Kugawa kulikuwa na haraka iliyoleta hasara. Mojawapo ya mashine zilizotolewa ilikuwa na bamba la magneto (mfumo wa kuzalisha umeme wa cheche) ambalo baadaye lilihitajika kwa nyingine, na aliyeipokea alikuwa ameshaiyeyusha alumini yake. Ingefaa daftari lijazwe lote, sehemu zilinganishwe kati ya mashine na mashine, ndipo yoyote itoke. Kwa upande wa boti ya tatu, kuitoa kulizaa kuliko kuihifadhi: yule kijana ameimaliza, naye sasa anauliza mashine gani ya mguu mfupi itamfaa.

Hatari ya petroli haikutokana na wingi wa mashine. Tangi moja lilitosha. Mtu mwenye mashine moja ya zamani yenye mipira miwili anapaswa kuijua tabia hiyo ya mgandamizo sawasawa na mwenye ishirini. Hali kadhalika mafuta: mashine ya mjomba hutaka sehemu 24 za petroli kwa sehemu moja ya oili, na mchanganyiko mwembamba wa 50 kwa 1 wa mashine za baadaye ungeila polepole bila kuonyesha dalili mapema.

Limebaki jambo moja ambalo mimi na Bwana M hatujapatana. Anataka kuiwasha ile ya miaka ya 1920 angalau mara moja. Mimi ningependa ibaki kama ilivyo, maana bushi zake ni za zamani kama yenyewe, rangi yake ya asili itaungua kwa joto la silinda, na ikivunjika ndani hakuna ya pili ya kuitolea kipuri. Yeye anasema mashine isiyosikika inajulikana nusu. Bi. M ameandika hoja zote mbili daftarini, na mahali pa chombo ameacha wazi.